Ua wa Kushoto kwa Wote

Mtaa ule uliizoea cherehani ya Bi Fundi kiasi kwamba watu hawakuisikia tena mpaka ilipokaa kimya. Na siku hizo ilikaa kimya mara nyingi. Alikuwa akipinda suruali ya mtu, anafika katikati ya mguu, anasimamisha kanyagio na kutega sikio uani. Akisikia kopo likigongwagongwa, anashusha pumzi na kuendelea. Asiposikia kitu, anaitupa suruali ya watu chini na kutoka mbio, futi kamba ikimning'inia shingoni. Wateja walilalamika kwamba nguo zinachelewa. Wenye huruma walilalamika kwa sauti ya chini.

Kopo lilikuwa la mumewe, fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Rangi, na ambaye mkono wake ulikuwa umepita kwenye kuta za karibu kila nyumba pale. Alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kuimba juu ya ngazi. Halafu akili ikaanza kumtoka, na haikumtoka kwa fujo. Ilimtoka kistaarabu, kidogo kidogo. Alisahau funguo, akasahau siku, akasahau choo kiko wapi, mwisho akamsahau na mkewe. Alimwita "mama", kwa heshima, kama mpangaji mgeni anavyomwita mwenye nyumba, na akiwekewa chakula alishukuru mno. Matusi Bi Fundi angeyavumilia. Zile shukrani ndizo zilizomkata maini.

Zamani hakuwa akimwita mama, wala kwa jina lake. Tangu wakiwa wachumba alimwita "ua langu", na hakuona haya hata kidogo. Alimwita hivyo chumbani, alimwita hivyo uani, alimwita hivyo kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema na watu walio chini ya ngazi: "Ua langu, brashi yangu ndogo umeiweka wapi?" Wanawake wenzake walimtania, wakimkuta bombani wanamuuliza ua limeamkaje, limemwagiliwa? Bi Fundi alijitia kununa. Sasa ulikuwa umepita muda mrefu hajaitwa hivyo, na hakuna aliyemtania tena, na kunyamaza kwao kulimuuma kuliko utani.

Kitu kimoja Mzee Rangi hakukisahau, nacho ni kwenda kazini. Kila asubuhi alishika kopo lake tupu na brashi iliyokauka ikawa ngumu kama mti, akaanza kutafuta njia ya kutoka. Geti la mbele Bi Fundi alilitia kufuli. Alijaribu pia kumfungia ndani ya nyumba, siku moja tu, na hakurudia, kwa sababu mzee aliupiga mlango kwa viganja mpaka ngozi ikachubuka, akilia kwamba tajiri atamfukuza kazi. Basi akamwachia uani, azunguke, agonge kopo lake, apake kuta kwa brashi kavu. Na uani pangetosha kabisa kama si ua wa upande wa kushoto.

Ua huo wa mbao na vipande vya mabati ndio uliowatenganisha na jirani yao, dereva wa lori mstaafu aliyeitwa Gia, kwa vile alivyotembea polepole na kwa kishindo kama gari linalopanda mlima. Mvua ziliozesha nguzo, upepo ukamalizia, ua ukalala chali. Na uwanja wa Gia haukuwa na geti. Ulifunguka moja kwa moja kwenye barabara kuu, ile ambayo malori huipita kwa kasi bila kumjali mtu. Kutoka kwenye kiti cha Mzee Rangi chini ya kamba ya nguo mpaka kwenye magurudumu palikuwa na mbao zilizolala na ardhi tupu, basi. Alikuwa ameshapita hapo mara moja, akarudishwa na mwuza mkaa aliyemkuta amesimama katikati ya barabara, akiyapisha magari kwa adabu.

Si usimamishwe tu, mtu atasema. Hata Bi Fundi alisema hivyo, akamleta seremala. Seremala hajafungua sanduku, Gia akaja polepole kama kawaida yake, akauliza huo ua unasimamishwa na nani, kwa sababu atakayeusimamisha ndiye atakayekuwa mwenyewe, na mwenye ua husimamisha nguzo kwenye ardhi yake, si ya jirani. Akashauri, kwa upole, kwamba kama jirani ana haraka basi ausogeze ndani kwake hatua moja. Upole wa Gia ulikuwa kitu cha kutisha. Mtu anayekufokea unaweza kumfokea.

Habari zikamfikia shemeji yake Bi Fundi, mdogo wa Mzee Rangi, karani fulani mwenye kalamu mfukoni hata Jumapili. Nyumba ilikuwa ya baba yao. Akaja na amri: ua usisogezwe ndani hata shubiri, kwani leo ni shubiri, kesho ni chumba. Na usijengwe kwa mkono wa kwao mpaka ijulikane ni wa nani. Seremala aliwasikiliza wote wawili akiwa amekalia sanduku lake, kisha akasimama, akajifuta vumbi.

"Mama, mimi ua wenye kesi siugusi," alisema, akaenda zake.

Kujua ua ni wa nani hakukupaswa kuwa taabu. Mtaani kulikuwa na utaratibu wao wa siku nyingi: simama mlangoni kwako, tazama nje; ua ulio mkono wako wa kulia ni wako kuutunza, wa kushoto ni wa mwenzio. Kila nyumba ikatunza wa kulia, mtaa mzima ukawa umezungushiwa bila ugomvi. Bi Fundi akisimama mlangoni kwake, ua uliolala ulikuwa kushoto. Basi ni wa Gia, kwisha. Lakini Gia, enzi alipoanza kulaza lori nyumbani, aliuziba mlango wake wa mbele kwa matofali na kufungua mwingine nyuma, unaotazama barabara kuu. Nyumba ikageuka, mkono wa kulia ukageuka nayo. Gia akisimama kwenye mlango wake mpya, ua uleule ulikuwa kushoto kwake pia. Ukawa ua wa kushoto kwa wote, ua yatima, na wanawake wa bombani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Bi Fundi alimwendea Gia mara nyingi. Mwanzo alikwenda kwa salamu na maneno laini, mwisho alikwenda bila salamu.

"Jirani, nyumba yako ilijengwa ikitazama huku," alimwambia. "Huku ndiko mbele."

"Mlango ndio uso wa nyumba, jirani."

"Na huku ulikoziba je?"

Gia alifikiri kidogo. "Huku sasa ni kisogo," alisema, na ilionekana anaamini kabisa.

Walijaribu njia nyingine. Wapo wasemao kwamba mwenye ua hukaa upande wa nguzo, kwa sababu mtu akijenga humpa mwenzake uso laini akabaki na mgongo. Wakainamia zile mbao kama waganga wanaopima mgonjwa. Palikuwa na nguzo upande huu, na nguzo upande ule, na misumari imepigwa kutoka pande zote, maana kwa miaka ile yote kila palipolegea aliyekuwa karibu alipigilia. Enzi hizo hakuna aliyeuliza. Mzee Rangi alipigilia, Gia alipigilia, wakapeana nyundo juu ya ua. Wema wao wa zamani ndio uliokuwa umeharibu ushahidi.

Bi Fundi akaziba kwa alichokuwa nacho: kitanda kibovu, mlango wa zamani, kamba na vitambaa. Mzee Rangi aliviondoa kwa uangalifu, kimoja kimoja, akavipanga ukutani kama fundi anayesafisha mahali pa kazi. Mwanamke akavirudisha. Mzee akaviondoa. Bi Fundi alikuwa akishona huku moyo uko uani, analala huku sikio liko uani, na kuna asubuhi alikaa mbele ya cherehani akajiuliza kwa nini aendelee. Hakuwa na mtoto wa kumwita. Shemeji alikuja Jumapili na maagizo, akaondoka na maagizo yake. Alichoka mpaka uchovu wenyewe ukawa hauna mahali pa kukaa, na hilo hakumwambia mtu, kwa sababu nani angelisikiliza wakati wote wanauliza ua ni wa nani?

Mwisho mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mwavuli hata kukiwa na jua, na alipenda kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana. Wakakusanyika uani: mwenyekiti, Gia, shemeji, na Bi Fundi amesimama karibu na kamba ya nguo, kando ya kiti cha mumewe. Mwenyekiti alisimama mlangoni kwa Bi Fundi akanyoosha mkono wa kushoto. Akazunguka, akasimama mlangoni kwa Gia, akanyoosha tena mkono wa kushoto. Akaangalia nguzo. Akakuna kidevu. Kisha akamwona Mzee Rangi kwenye kiti chake, kopo limekaa mapajani, na uso wake ukang'aa kwa wazo.

"Si huyu mwenyewe alikuwepo ulipojengwa? Tumuulize."

Bi Fundi alisema mzee hawezi. Gia akasema, kwa upole, kwamba leo yuko vizuri, asubuhi wamesalimiana. Mwenyekiti akachuchumaa mbele ya kiti, akamwamkia, akaitikiwa vizuri kabisa, na hilo likampa moyo.

"Mzee, tunaomba utusaidie. Ua huu ni wa nani?"

Mzee Rangi alitazama mbao zilizolala. Akamtazama mdogo wake, akamwacha. Akamtazama Bi Fundi, na hapo macho yake yakakaa. Alimtazama kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu nyumba nzima na sasa amekiona mezani. Uso wake ukalegea, ukawa ule uso wa juu ya ngazi.

"Ua langu," alisema.

Bi Fundi aliishika kamba ya nguo. Damu ilimpanda usoni kama msichana. Amenijua, alisema moyoni, amenijua, na kwa kitambo kile hapakuwa na ua wala mpaka wala barabara.

"Basi," mwenyekiti alisema, akinyanyuka na kupiga viganja kufuta vumbi. "Mwenye mali amesema mwenyewe. Ua ni wake."

Bi Fundi alimgeukia Gia, kwa sababu Gia alijua. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yake. Alikuwa amelisikia neno lile kupitia mbao zilezile kila asubuhi ya ujirani wao, na alikuwa akikohoa kwa makusudi wapate kujua wanasikika. Gia alitazama viatu vyake.

Na Bi Fundi angesemaje? Kwamba mwanamke mwenye mvi, futi kamba shingoni, ndiye ua? Mbele ya mwenyekiti na mwavuli wake? Alijikakamua akasema kile alichoweza kusema.

"Mwenyekiti, ua wa mbao mtu hasemi langu. Angesema wangu."

"Mama, hapa hatusahihishi Kiswahili. Watu wanasema langu, wanasema wangu, wanasema yangu, na tunaelewana."

Hapo shemeji akaingia kati, kalamu mkononi, amekuwa mwekundu wa macho. Alisema kaka yake hana fahamu, na maneno ya mtu asiye na fahamu hayahesabiwi popote. Akamgeukia Bi Fundi.

"Shemeji, waambie. Wewe ndiye unayeishi naye. Waambie hajui anachosema, kesi iishe."

Na kweli ingeisha. Neno hilo moja lingetosha, na mwenyekiti alikuwa tayari amegeuza shingo kulingoja. Lakini kulisema kulikuwa ni kuyachukua yale maneno mawili, aliyoyasubiri mpaka akaacha kuyasubiri, na kuyatupa jalalani kwa mkono wake. Alimtazama mumewe. Bado alikuwa anatabasamu, ingawa tabasamu lilikuwa limeanza kupotea njia.

"Anajua anachosema," alisema Bi Fundi.

Shemeji alimwita msaliti, akasema ameuza ardhi ya baba yao. Mwenyekiti alimtuliza, akasema lililobaki ni dogo, wavute kamba sasa hivi waweke alama ya mpaka, seremala apate kuja. Bi Fundi alilisikia hilo la seremala, akapata unafuu kidogo. Ua ungesimama. Wa nani, yeye ilimhusu nini? Wakaleta kamba. Gia akashika ncha moja, shemeji akashika nyingine, na hapohapo ukazuka mzozo mpya, kwamba kama ua ni wa Mzee Rangi basi nguzo zinasimama ndani ya kamba au nje yake. Mwenyekiti akasimama katikati, kamba ikimpita kifuani.

Bi Fundi akaingia ndani. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka yamtoke mbele ya wanaume wale. Wako watatu pale, aliwaza, wanaume wazima watatu. Alisimama mbele ya kioo wanachojitazamia wateja wakijaribu nguo, akalia, akacheka kidogo, akanawa uso, akajitazama tena. Hakukaa sana. Alichelewa kiasi cha mtu kufunga kilemba upya, kwa sababu alitaka mumewe akimwona tena amwone vizuri.

Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu. Wale watatu walikuwa palepale, na kamba ilikuwa palepale.

"Mzee yuko wapi?"

Wakageuka wote kukitazama kiti. Shemeji alisema alimwona akinyanyuka, akadhani anamfuata mkewe ndani. Gia alisema alimwona upande wake, akajua mdogo wake anamwangalia. Mwenyekiti ndiye aliyemaliza, na bado alikuwa anasimulia kama mtu anayesifu adabu za mwenzake.

"Alikuja kwenye kamba, akasema samahani, anachelewa kazini. Nikamnyanyulia, akapita."

Bi Fundi alikimbia. Barabarani lori lilikuwa limesimama mshazari, dereva wake ameketi chini na kujishika kichwa, na watu walikuwa wameshaanza kujikusanya. Mtu mwema alikuwa ameshatandaza turubai. Brashi ilikuwa katikati ya barabara, na wenye magari waliikwepa, jambo ambalo hakulielewa kamwe. Bi Fundi alikaa chini kando ya turubai, akaingiza mkono, akakitafuta kiganja chake, na hakuna aliyethubutu kumwondoa mpaka alipoondoka mwenyewe.

Siku za msiba mabaki ya ua yaliondolewa yote ili watu wapate pa kukaa, na nyua mbili zikawa uwanja mmoja. Viti vya Gia vikachanganyika na viti vya Bi Fundi. Na huko huko nyuma ya viti, kwa minong'ono, wale watatu wakaanza upya. Shemeji alisema kaka yake alipotelea kwenye uwanja wa Gia. Gia alisema alipita kutoka upande wao, na ua, kwa hukumu iliyotolewa, ulikuwa wao. Mwenyekiti alisema yeye aliamua juu ya ua, hakuamua juu ya mtu. Wakapima mzee alikuwa upande gani wa kamba kila mmoja alipomwona, na alikuwa mikononi mwa nani alipokuwa katikati. Mwisho macho yao yakamwendea Bi Fundi, aliyekuwa ameingia ndani wakati ule. Hakuna aliyelisema. Yeye alijisemea, kila alipopita mbele ya kile kioo, mpaka akakigeuza kikatazama ukuta.

Watu walipotawanyika, Gia alileta mbao. Mpya, kwa fedha yake, na nguzo nene zilizopakwa lami chini zisioze. Hakumwuliza mtu. Alichimba mashimo ndani kwake, hatua nzima kutoka pale kamba ilipopita, akiwaachia ardhi ambayo shemeji angeipigania mpaka mahakamani, akapigilia tangu asubuhi bila kupumzika wala kutaka msaada. Bi Fundi alimsikia kutoka kwenye cherehani. Alikuwa anamalizia ile suruali, na hakuwa na sababu tena ya kusimamisha kanyagio.

Mchana Gia akaita kutoka uani. Alikuwa amesimama kando ya ua wake, jasho likimtiririka, nyundo mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na upole wowote usoni, ni mzee tu aliyechoka.

"Jirani, njoo uangalie kama umekaa sawa."

Bi Fundi akatoka. Ulikuwa mrefu, umenyooka, mbao zimeshikana hata kidole hakipiti. Aliweka viganja vyote viwili, akausukuma kwa nguvu zake zote, akasukuma tena kwa bega, na ua haukutikisika.

"Umekaa sawa," alisema. "Huu ungemzuia."